Bembea Mia Moja

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia walikuwa wakifika chuoni wakiwa wameshaifaulu mara mbili mada ya mwendo sahili wa harmoniki, yaani mwendo wa kwenda na kurudi kama wa pendulamu au springi. Waliipasi kidato cha nne, wakaipasi tena kidato cha sita, na wengi wao kwa alama nzuri. Pendulamu waliijua tangu mtihani wa vitendo: uzi, kizito, stendi ya chuma, stopuwochi, hesabu bembea ishirini, gawanya, chora grafu. Fomula ya kipindi, yaani muda wa bembea moja kamili ya kwenda na kurudi, waliitamka bila kusita: mbili pai, mara kipeuo cha pili cha urefu gawanya kwa g. Ndiyo maana nilipoanza kufundisha mwendo sahili wa harmoniki, Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenzangu kadhaa walinishauri niupitie haraka ili niwahi mawimbi. Sikukubali. Katika miaka yote niliyofundisha, mada hii sikuipunguzia muda, niliiongezea.

Sababu ni kwamba hapa ndipo mwanafunzi anapokutana kwa mara ya kwanza na kani isiyotulia. Sekondari amezoea jiwe linaloanguka, na uzito wa jiwe haubadiliki njiani. Amezoea gari linalovutwa kwa kani ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho wa swali. Kwenye springi mambo ni mengine. Kani inauamua mwendo, mwendo unakipeleka kizito mahali papya, na mahali papya panaibadilisha kani. Mzunguko huo hauna pa kuanzia wala pa kuishia, na kichwa cha kijana wa miaka 20 kinahitaji muda kuuzoea. Akiuelewa, sauti, saketi za redio, mitikisiko ya molekuli na sehemu kubwa ya fizikia ya kwanta humfungukia. Asipouelewa, atakariri mpaka mwaka wa tatu, na atafaulu, na hatakuwa mwanafizikia.

Swali langu la kwanza halikuwa na hesabu. Nilining'iniza kizito kwenye springi mbele ya ukumbi, nikakivuta chini, nikakiachia. Kinapofika chini kabisa, pale kinaposimama kidogo kabla ya kugeuka, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi, mwaka baada ya mwaka, walijibu sifuri. Kimesimama, kwa hiyo hakuna kitu. Na katikati, kinapopita mbio kuliko mahali pengine pote? Hapo walisema mchapuko ndio mkubwa kuliko kote. Majibu yote mawili yamegeuzwa, na walioyatoa ni watu wale wale ambao dakika tano kabla walikuwa wameandika ubaoni kwamba mchapuko ni sawa na hasi omega mraba mara x, x ikiwa ni umbali wa kizito kutoka katikati. Mlinganyo huo unasema waziwazi kwamba x ikiwa sifuri mchapuko nao ni sifuri, na x ikifika upeo wake, mchapuko nao umefika upeo. Fomula walikuwa nayo mdomoni, picha walikuwa nayo kichwani, na hakuna aliyewahi kuvikutanisha vitu hivyo viwili.

Sikuwajibu. Niliwaambia wabishane. Namkumbuka kijana mmoja aliyesoma Kigoma, mpole, ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa amefungua kinywa. Alisimama akasema: "Mwalimu, kama pale chini kasi ni sifuri na mchapuko nao ni sifuri, basi kitabaki pale pale. Nani atakirudisha?" Binti aliyekaa mbele yake akageuka kumjibu kwamba springi ndiyo itakirudisha. Kijana akasema, haya, kama springi inavuta, kuna kani. Kama kuna kani, mchapuko si sifuri. Binti akafunga daftari, akafikiri, akasema: "Kumbe inavuta zaidi pale pale inaposimama." Hapo niliweza kuendelea, kwa sababu jambo lilikuwa limeshasemwa na wenyewe.

Mabishano hayo yalikuwa ya Kiswahili. Mihadhara yetu ilikuwa ya Kiingereza, mitihani pia, na kubadili hilo hakukuwa mikononi mwangu. Lakini mabishano niliyaachia Kiswahili kwa makusudi, na msimamo wangu hadi leo haujabadilika. Mwanafunzi anayetafuta kwanza Kiingereza cha kusemea huishia kutoa sentensi aliyoikariri kitabuni, na sentensi ya kitabuni huwa sahihi, kwa hiyo mwalimu hapati njia ya kujua kilichomo kichwani. Kwa Kiswahili alisema anachokiamini, pamoja na kasoro zake, na kasoro hizo ndizo nilizozihitaji ili nifundishe. Jioni ungewakuta kwenye vimbweta, meza za nje za kujisomea, wakiendelea na ubishi ule ule, mmoja akiwa ameshika funguo zilizofungwa kwenye kamba ya kiatu.

Kipindi cha pili cha darasa nilikitenga kwa pendulamu mbili. Zilikuwa na urefu mmoja, mita moja kila moja, zikiwa na vizito vya chuma vya kutosha ili upepo usizisumbue. Moja niliivuta nyuzi 5, nyingine nyuzi 10, nikauliza ipi itamaliza bembea kumi kwanza. Wenye fomula walisema zitamaliza pamoja, kwa kuwa upeo wa bembea haumo kwenye fomula. Wenye kutumia akili ya kawaida walisema yenye safari ndefu itachelewa. Tukaziachia. Zilikwenda pamoja kama zimeunganishwa, na wenye fomula wakashangilia.

Basi moja nikaivuta tena nyuzi 10, na nyingine nikaivuta mpaka nyuzi 60, nikauliza swali lile lile. Safari hii hakuna aliyejishughulisha kubisha, walishaona. Tukaziachia. Bembea ya kwanza pamoja, ya pili karibu pamoja, ya tatu kuna mtu nyuma akasema "ngoja." Ilipofika ya saba au ya nane, moja ilikuwa kulia kabisa na nyingine kushoto kabisa. Kwenye nyuzi 60 kipindi cha pendulamu hurefuka kwa zaidi ya asilimia 7, na asilimia 7 ikijirudia mara saba inakuwa nusu ya bembea. Fomula waliyoifaulia mitihani ni ya pembe ndogo tu. Kani inayoirudisha pendulamu hufuata sini ya pembe, na sisi tunaiandika kana kwamba inafuata pembe yenyewe, kwa kuwa kwa pembe ndogo hivyo viwili hukaribiana sana. Mlinganyo wa kweli ni mgumu. Huu wa kwetu tumeurahisisha, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa ni wapi tulipourahisisha na ni kwa gharama gani.

Hapo niliwasimulia habari za Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Naye aliliona tatizo hili, kwamba saa yake hubadili mwendo upeo wa bembea ukibadilika. Hakuridhika kusema "chukueni pembe ndogo." Alitafuta njia ambayo kizito kikipita, muda utakuwa mmoja kwa upeo wowote, akagundua kwamba njia hiyo si sehemu ya duara, ni mkunjo uitwao saikloidi, ule unaochorwa na alama kwenye tairi linalobingirika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1673. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu aliyeipenda saa yake kiasi hicho ndiye wa kuigwa.

Maabara ndiyo iliyonifundisha zaidi habari za wanafunzi. Tulikuwa na chumba kirefu chenye meza za mbao ngumu, na fundi wetu wa maabara, mzee aliyekuwepo kabla yangu. Vijana walimwamkia "Shikamoo, Mzee," akaitikia "Marahaba, wanangu," kisha akawapa springi moja moja kama mtu anayegawa mali yake. Alizijua zote. Springi iliyowahi kuvutwa kupita kiasi aliitenga, kwa sababu ikishapita mpaka wake haifuati tena kanuni ya Robert Hooke ya mwaka 1678, kwamba mvuto wa springi hukua kwa kadiri ilivyorefuka. Vitabu vilisema hivyo kwa mstari mmoja. Yeye alimwonyesha mwanafunzi springi nzima na springi iliyochoka, akamwambia azivute zote mbili kwa vidole.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unaongeza vizito kwenye springi, unapima kipindi kwa kila kizito, unachora grafu ya kipindi mraba dhidi ya tungamo. Kwa mujibu wa daftari za kidato cha sita, mstari hunyooka na kupita kwenye sifuri. Daftari zangu za kusahihisha zilijaa mistari iliyonyooka na kupita kwenye sifuri. Nilipoangalia kwa makini niliona alama za penseli zilizofutwa. Vipimo vyao vilikuwa vimekataa kupita kwenye sifuri, na wao wakavilazimisha.

Sote tunajua jina la jambo hili: kupika data. Walijifunza zamani, kwenye mitihani ya vitendo ambako jibu linalotakiwa linajulikana na muda ni mfupi. Sikuwakasirikia. Lakini katika mambo yote niliyokutana nayo darasani, hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hapa walikuwa wamefuta kitu cha kweli. Springi nayo ina tungamo. Sehemu yake ya chini hucheza sawa na kizito, sehemu ya juu iliyofungwa kwenye stendi haichezi kabisa, na ukikokotoa mchango wa kila kipande unapata kwamba springi yote huhesabika kama theluthi moja ya tungamo lake. Kwa hiyo mstari hauwezi kupita kwenye sifuri. Hukata mhimili wima juu kidogo, na kutoka hapo ulipokata unaweza kukokotoa tungamo la springi ambayo hujaiweka kwenye mizani. Springi ya gramu 60 itajitokeza kwenye grafu kama gramu 20.

Nilirudisha daftari zote bila alama. Nikawaomba warudie, wachore vipimo kama vilivyo, na mstari uende unakotaka kwenda. Wiki iliyofuata Mzee aliweka mizani mwisho wa meza, akaifunika kwa kitambaa. Kila kundi lilipokokotoa tungamo la springi yake kutoka kwenye grafu, lilikuja kupima. Nakumbuka binti mmoja aliyepata gramu 58 kwenye grafu na mizani ikamwambia 61. Alisoma mizani, akasoma daftari, akasoma mizani tena, kisha akamwita mwenzake kwa sauti ambayo haikuwa ya maabara. Hakuna alama za mtihani zinazoweza kumpa mtu furaha hiyo. Aliyeiona mara moja hapiki tena data, kwa sababu anajua kwamba ndani ya tofauti ile ndogo huenda kuna kitu kimelala.

Nikaona sasa wako tayari kwa jambo jingine lililokuwa likinikera sana, nalo ni 9.81. Vitabu tulivyosomea, kuanzia Nelkon na Parker wa kidato cha sita, viliandikwa Ulaya, na Ulaya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ni karibu na 9.81 kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba. London ni 9.81. Dar es Salaam si 9.81. Dunia imevimba kidogo kwenye Ikweta na inazunguka, kwa hiyo g hupungua kadiri unavyoisogelea Ikweta: kwenye ncha ni 9.83, kwenye Ikweta ni 9.78. Sisi tuko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini, na g yetu ni 9.78. Lakini mwaka hadi mwaka wanafunzi waliniletea 9.81, 9.80, 9.81, tena kutoka kwenye stopuwochi na uzi wa sentimita 50, vifaa ambavyo haviwezi hata kuona tofauti hiyo.

Kabla ya kuwapa jaribio niliwasimulia safari ya Jean Richer. Mwaka 1672, akiwa ametumwa na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, alifika Cayenne, Amerika Kusini, nyuzi 5 kaskazini ya Ikweta, akiwa na saa ya pendulamu iliyowekwa sawa Paris. Huko saa ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Ilibidi aifupishe pendulamu. Isaac Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha mwaka 1687 kueleza kwamba dunia si tufe kamili. Niliwaambia: Cayenne na Dar es Salaam ziko karibu sawa kwa umbali kutoka Ikweta. Alichokiona Richer, nanyi mnaweza kukiona.

Tukafunga pendulamu ya mita mbili kutoka kwenye boriti ya dari. Kwa urefu huo, tofauti kati ya 9.78 na 9.81 ni kama sehemu nne kwa elfu za sekunde kwa bembea moja, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuipima. Kwenye bembea 100, ambazo huchukua karibu dakika tano, tofauti inakuwa sekunde 0.4, na hiyo mkono wa mtu mwenye mazoezi unaipata. Urefu lazima upimwe kutoka kwenye ukingo wa kishikizo hadi kitovu cha kizito, na kosa lisizidi milimita moja. Mzee aliwafundisha kuanza kuhesabu kwa "sifuri" badala ya "moja," na kubonyeza stopuwochi kizito kinapopita katikati, mahali kinapopita haraka, badala ya pembeni ambako kinasitasita na hujui kimegeuka saa ngapi. Kwa maneno mengine, jibu la swali lile la siku ya kwanza lilikuwa sasa linawasaidia kupima.

Makundi yalipata 9.77, 9.79, 9.78, 9.78. Wakaanza kuzishuku namba zao wenyewe, na mabishano bora niliyowahi kuyasikia katika kazi hii yakaanza hapo. Mmoja alisema g yetu imetoka ndogo kwa sababu tumeivuta pendulamu mno, na pembe kubwa hurefusha kipindi, kama tulivyoona kwenye zile mbili. Alikuwa na hoja. Wenzake wakakokotoa: kwa nyuzi 5 kipindi hurefuka kwa chini ya sehemu moja kwa elfu mbili, nayo huipunguzia g 0.01 hivi. Haitoshi kueleza 0.03. Akasema basi turudie kwa nyuzi 2. Wakarudia, kwa hiari yao, Jumamosi. Namba haikupanda hadi 9.81. Mwingine akauliza kama tungekuwa Mwanza ingekuwaje, tukakokotoa kwamba Mwanza iko karibu zaidi na Ikweta na pia iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo g ya kule ni ndogo kidogo kuliko ya kwetu. Aliyeuliza alikuwa wa huko. Alisema atapima likizoni.

Mambo mengine nayapitia kwa ufupi. Kufifia kwa mtikisiko tulijifunza kwenye maegesho ya magari: ukilibonyeza gari kwa mbele na kuliachia, lenye shokapu nzima hurudi mara moja na kutulia, lenye shokapu zilizokufa huendelea kunesa, na mwanafunzi yeyote aliyepanda daladala anajua ni lipi amelipanda. Baada ya mikopo ya wanafunzi kupanuka katikati ya miaka ya 2000, wanafunzi waliongezeka hata ukumbi ukawa hautoshi, na makundi ya watu wanne yakawa ya watu kumi. Mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukawa mkali nchi nzima, majaribio mengi yalisimama. La pendulamu halikusimama. Pendulamu inataka uzi, kizito, rula ndefu, saa na mwanga wa dirishani. Siku hizi saa iko kwenye simu ya kila mwanafunzi.

Mzee wetu wa maabara alistaafu kabla yangu, na springi zake alizikabidhi kwa orodha iliyoandikwa kwa mkono, kila moja na tungamo lake.

Walimu wenzangu mnaofundisha mwaka wa kwanza, hapa na kokote karibu na Ikweta, nawaomba jambo moja. Ifuteni 9.81 kwenye karatasi zenu za maabara. Msiweke hata 9.78 mahali pake. Acheni nafasi iwe wazi, wapeni wanafunzi uzi wa mita mbili na muda wa kutosha kuhesabu bembea mia moja, na chochote watakachokipata, kisahihisheni kwa jinsi walivyokipima.